Droo ya Tatu

Duka la Kageha halina kibao.
Unapita kinu cha posho pale Kibuye,
unga ukikutulia mabegani,
unapanda ngazi kumi na moja
(ya saba imelegea, shika ukuta)
na kabla hujaona chochote unanusa
nta ya nyuki, mkeka mpya, pamba iliyoanikwa juani.
Marashi hakuna. "Mtoto ana harufu yake," husema,
"ya nini kumpaka ya mtu mwingine?"

Mara ya kwanza nilikwenda kwa hasira tu.
Supamaketi ilikuwa imemuuzia jirani yangu
losheni ya waridi iliyommenya mwanawe mashavu
kama kiazi kilichochemka.
Nikawa nashika vitu na kuvirudisha:
nepi zilizopindwa kwa mkono,
sabuni ya mwarobaini iliyokatwa kwa uzi, hakuna mbili zinazolingana,
mafuta ya moyao katika chupa iliyowahi kuwa ya jemu,
kiboko wa mti wa mjakaranda, sikio moja fupi.
"Kisu kiliteleza," akasema. "Huyo nampunguza shilingi thelathini."

Kisha shali.
Pamba tupu, rangi ya maziwa yaliyolala.
Niliipeleka shavuni kabla sijajizuia.
Kageha akatazama shavu, akatazama tumbo,
ambalo lilikuwa bado siri ya watu wawili,
asiulize ni miezi mingapi.

Elfu moja mia sita.
Nauza kadi za simu Kondele, kibandani; piga hesabu mwenyewe.
Lakini si bei iliyonifunga mkono.
Kwetu mtoto hanunuliwi kitu kabla hajalia.
Nilinunua, safari ile nyingine.
Soksi tu. Za njano.
Najua nilipozifukia, na sipapiti.

Haya sikumwambia. Nilisema, "Nyumbani haiwezi kufika."
Akavuta droo ya tatu, ile yenye kitasa cha kamba.
Ndani, vifurushi vya karatasi ya kaki,
kila kimoja na jina, wala si la mtoto:
Mama wa Mamboleo. Mwalimu. Miwani. Anayecheka.
"Hapa si nyumbani kwa mtu," akasema.
"Hapa hakuna kinachosikia."
Akaandika langu: Kadi za Simu.

Mia moja kila Ijumaa, Ijumaa kumi na sita,
kwa penseli, katika daftari la mistari mipana.
Mama mkwe akinisifu kwa wageni:
"Huyu ana adabu, hajaleta hata uzi."
Nami nikiinamia sufuria.

Ijumaa ya tisa sikwenda. Damu ilionekana,
kidogo, daktari akaniamuru nilale nisiinuke.
Ya kumi nikatuma pesa kwa simu, bila ujumbe.
Jibu likarudi: Ipo.
Neno hilo tu.
Nililisoma hadi betri ikazima.

Leo nimepanda ngazi na mzigo unaopumua.
Akeyo, kwa kuwa mavuno yalikuwa shambani.
Amelia ngazi zote kumi na moja,
amelia hata mwenye kinu akatoa kichwa chake cheupe nje.
Kageha hakupiga vigelegele. Alinawa mikono kwanza,
akakausha kidole kimoja kimoja,
akavuta droo, akafungua kaki.
Shali ikakunjuka ikatupokea.
Akeyo akanyamaza, au akalala,
tofauti bado siijui.

Droo ilikuwa wazi. Nikachungulia.
Mwalimu ameondoka. Miwani ameondoka.
Chini kabisa kimoja, kaki yake imefifia,
na juu yake majani ya mwarobaini ya kufukuza nondo,
mabichi, ya juzi au jana.
Anayecheka.

Nikafungua mdomo.
"Alimaliza kulipa," Kageha akasema,
akaisukuma droo kwa kiganja kizima, taratibu,
kama mtu afungaye mlango wa chumba
wanamolala watu.